Mama Asistanti na Viti Vitupu

Chuoni kwetu Kasongo walikuwepo maprofesa waliokuja na kuondoka, na walikuwepo wakuu wa idara ambao vyeo vyao viliandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Yeye hakuwa profesa wala mkuu wa kitu chochote. Alikuwa asistanti wa hesabu, yule mwalimu anayesimamia mazoezi, anayesahihisha karatasi na kuwafuatilia wanafunzi mpaka kazi yao ya mwisho. Tulimwita Mama Asistanti. Wanawake wengine wawili walikuwa na cheo kilekile, lakini ukisema Mama Asistanti, mjini kote hakuna aliyekuuliza yupi.

Nimemjua miaka mingi, na mpaka leo sijui alizaliwa kijiji gani. Wengine walisema ni mtu wa Nyangwe, kule mtoni, kwa sababu alipenda samaki na hakuogopa mtumbwi. Wengine walimvuta Kabambare kwa sababu Kibangubangu chake kilikuwa safi kuliko changu. Ukimuuliza alikujibu, "Miye ni wa oditwari ya pili," yaani lile darasa kubwa lenye bati linalovuja ambamo alifundisha. Basi tukamwacha awe wa hukohuko.

Alikuwa mfupi, mpana, na mwenye haraka. Kitenge chake kilikuwa na chaki daima, upande wa kulia, pale alipopangusia mkono. Miwani yake aliifunga kwa uzi nyuma ya kichwa kama mtu anayejiandaa kukimbia. Sauti yake ilikuwa nene, ikitoka kifuani. Ukimwambia, "Mama, miye niko muzaifu katika hesabu," alisimama, akakutazama juu mpaka chini, akauliza, "Nani alikupima?" Na alingoja jibu kweli. Wengi wetu tulisoma miaka yote mitatu bila kulipata.

Hakuita majina darasani. Aliingia, akaweka mfuko wake mezani, akatazama viti. Macho yake yalipita mstari kwa mstari, kama mama anayeangalia vifaranga wake jioni, kisha kidole kikanyooka.

"Ile kiti ya karibu na dirisha. Mwenyewe iko wapi?"

Mtu akajibu kwamba mwenzetu amerudi kwao kutafuta mchele.

"Alienda lini?"

"Mwezi uliopita, Mama."

"Mwezi! Huo mchele iko anaupanda?"

Darasa likacheka, naye akacheka, lakini niliona jinsi alivyokitazama tena kile kiti kabla ya kushika chaki.

Sisi tuliotoka Kabambare, Wamaza na vijiji vya katikati tulifika Kasongo nyuma ya pikipiki, na gunia la mchele na bidoni, yaani dumu, la mawese. Tulikodi chumba pamoja, wasichana kadhaa, tukapika kwa zamu. Gunia lilipolegea, mmoja alirudi kwao kutafuta jingine, na hatari ilikuwa hapo. Unaenda kwa wiki mbili. Unakuta mvua imekata barabara. Unakuta mdogo wako anaumwa, shamba linataka mkono, na baba amekwisha kukuhesabu katika kazi za msimu. Kabla hujajua, mitihani imepita, wenzako wako mbele, na unaona aibu kurudi. Sikumjua hata mmoja ambaye aliamka siku moja akasema, leo ninaacha masomo. Waliendelea tu kukawia.

Katika mikutano ya chuo, wakubwa walisema kwamba watoto wa vijijini wanashindwa. Neno hilo lilimkasirisha kuliko yote. Siku moja nilikuwa nimebeba karatasi zake, nimesimama mlangoni, nikamsikia akimjibu mkubwa mmoja mbele ya wenzake.

"Ameshindwa mutihani gani? Nionyeshe ile karatasi aliyoshindwa. Haiko. Huyu mutoto amepotea, hajashindwa. Na mutu akipotea, watu wanaenda kumutafuta."

Mkubwa yule akasema kwamba chuo hakina pikipiki wala mafuta ya kutafutia watu.

"Miye niko na pikipiki," akasema.

Na kweli alikuwa nayo, ya zamani, yenye kiti kilichoshonwa na fundi viatu. Kila kiangazi, barabara ilipokauka, alivaa helmeti ya mumewe iliyomshukia machoni, akafunga mfuko wake kwa mpira, akaenda. Aliendesha vibaya mno. Kwenye madaraja ya magogo alishuka, akamwomba mtu yeyote aliyepita amvushie chombo, naye akavuka kwa miguu nyuma yake akitoa maagizo. Kila alipopita palikuwa na mtu wa kusimulia mahali alipoanguka. Kulikuwa na misimu ambayo njia haikuwa salama, na mumewe alimwomba abaki. Misimu hiyo alibaki, lakini alikuwa mtu mgumu kukaa naye, na sote tuliomba amani irudi upesi kwa sababu zetu na kwa sababu ya mumewe.

Mumewe alikuwa muuguzi, mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Yeye ndiye aliyepika, maana Mama Asistanti hakuwahi kujua kupika. Sombe yake, yale majani ya muhogo, ilikuwa na mchanga na ugali wake ulikuwa na mabonge, na alikula vyote viwili kwa furaha akishangaa kwa nini wageni hawaongezi. Jambo jingine lilitushangaza zaidi. Mtu huyu ambaye wimbo wake ulikuwa "tumalize kwanza, kisha tuchoke" hakumaliza chochote nyumbani kwake. Ukuta mmoja wa sebule ulikuwa umepakwa rangi mpaka katikati. Kulikuwa na kitambaa cha meza alichoanza kukifuma kabla sijamjua, na sindano bado imekwama ndani yake. Vikombe vya chai nusu vilikaa kila dirisha. Siku moja niliuliza kuhusu ukuta ule, na mumewe akanijibu kwa upole, "Katika hii nyumba, binti yangu, tunamaliza chakula tu."

Aliwapenda wanafunzi, lakini wakati mwingine ukali wake ulimpiga asiye na kosa. Alimfukuza darasani msichana mmoja kwa kusinzia, akamwambia usingizi haufundishwi hapa. Jioni akasikia kwamba msichana yule alikuwa na malaria. Alifika chumbani kwetu na mumewe, dawa na machungwa, na kesho yake alisimama mbele ya darasa zima kabla ya somo.

"Jana nilimukosea mwenzenu. Nilifikiri iko analala, kumbe iko anaumwa. Naomba msamaha. Fungueni ukurasa wa pili."

Hatukuwahi kusikia mwalimu akisema vile. Wengine waliona amejishusha. Msichana yule, ambaye leo anafundisha Kasongo, bado analisimulia jambo hilo.

Hata kwenye sherehe hukuwa salama naye. Mwenzetu mmoja alioa kabla ya kumaliza kazi yake ya mwisho, ule uandishi ambao kila mwanafunzi lazima autetee mbele ya walimu ndipo apewe shahada. Mama Asistanti alikuja harusini amependeza, amebeba zawadi yake, akapanga mstari kama watu wote wa kupongeza. Alipofika mbele ya maarusi alimkumbatia bibi arusi, akamshika bwana arusi mkono, akamwambia sikioni, lakini kwa sauti ile yake nene iliyofika mpaka kwa wapiga ngoma, "Na sura ya tatu?" Bwana arusi akasema iko inakuja. Bibi arusi akasema, "Mama, nitamusimamia miye mwenyewe." Wakaishia kuwa marafiki, wale wanawake wawili, na sura ya tatu ikafika kabla ya mvua.

Lazima niseme pia juu ya Saidi, maana si kila aliyefuatwa alirudi.

Saidi alikuwa bora kutushinda wote. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Kivu kuchimba dhahabu, na alikulia hukohuko machimboni, kijana wa swala tano na mwandiko mzuri. Mwaka wa pili kiti chake kikabaki kitupu. Mama Asistanti alimfuata mpaka kwenye chimbo, huko mbele ya Wamaza, akafika ameloa matope mpaka kiunoni. Saidi alimpa maji ya kunawa na chai ya tangawizi, akamsikiliza kwa heshima zote, akasema atafikiri. Hakurudi. Kiangazi kilichofuata alienda tena, akapewa chai tena. Mara ya tatu Saidi alimkalisha, akamwambia:

"Mama, unasema nimepotea. Sijapotea. Niko mahali ninapopajua, na kazi hii ninaipenda. Ukija tena uje kama mama yangu, si kama mwalimu wangu. Nitafurahi."

Aliporudi Kasongo alikuwa na hasira, akasema dhahabu inaharibu vijana. Alisema hivyo wiki nzima. Halafu akanyamaza, na sikumwona tena akikinyooshea kidole kiti cha Saidi. Baadaye Saidi alifungua duka la sururu, tochi na sabuni, na kila Mama Asistanti alipopita njia ile Saidi alilifunga kidogo wakanywa chai. Mwenzangu aliyesafiri naye aliniambia kwamba walizungumza juu ya watoto wa Saidi, bei ya sukari na maumivu ya mgongo, na masomo hayakutajwa. Nilimuuliza Mama Asistanti kwa nini kwa Saidi alikubali na kwa wengine hakubali.

"Saidi alinijibu wazi," akasema. "Mutu akikujibu wazi, unamusikia. Ninyi wengine munasema 'nitakuja, Mama', na macho inasema ingine. Hao njo ninafuata."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Mwaka wa tatu nilimaliza masomo yote ya darasani. Ilibaki kazi ya mwisho, juu ya namna ya kufundisha sehemu kwa watoto wa darasa la sita, wale wanaoona nusu na robo wakaanza kulia. Nilikuwa nimeandika kurasa chache nilipopata habari kwamba mama yangu ameteleza mtoni na kuvunjika mguu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Ndugu zangu wadogo walikuwa wadogo kweli. Nilifunga vitu vyangu, nikapanda pikipiki mpaka Wamaza.

Nilimwogesha mama, nikapika, nikavuna mpunga, nikakaanga maandazi ya kuuza sokoni. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, hakuweza kutembea bila fimbo wala kuinama shambani. Miezi ikapita. Wenzangu waliniandikia ujumbe kwenye simu kila walipopata mtandao, nami nikawajibu kwamba ninakuja. Karatasi zangu nilizifunga kwenye plastiki na kuzitundika juu ya jiko, mbali na mchwa. Sikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa na kazi nyingi, na kila jioni nilikuwa nimechoka vizuri. Lakini nilipoona watoto wa shule wakipita asubuhi nilitafuta kitu cha kufanya ndani.

Kiangazi, tulikuwa tumekaa barazani mimi na mama tukimenya karanga, tukasikia pikipiki ikikohoa njiani. Mama Asistanti alishuka, akavua helmeti, akamwamkia mama kwa Kibangubangu, akavuta kigoda. Kwangu alisema tu, "Sifa, habari?" kana kwamba tulionana jana. Kisha akachota karanga akaanza kumenya.

Walizungumza juu ya mguu. Walizungumza juu ya panya wa mwaka ule, juu ya mchungaji aliyehamishwa, juu ya namna nzuri ya kuanika mihogo. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikaa nimekaza mgongo, nikingoja neno juu ya masomo. Nilikuwa nimekwisha kupanga majibu yangu yote. Neno halikuja. Jua lilipita juu yetu, tukala, likaanza kushuka, na kapu la karanga likajaa.

Mwishowe mama mwenyewe akauliza. "Mama, umetoka Kasongo na hii barabara yote. Ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kumutafuta mwanafunzi wangu."

"Sifa? Lakini yeye alimaliza. Alikuja na vitu vyake vyote."

"Amemaliza masomo, ndiyo. Bado kujitetea mbele ya walimu wakubwa."

Mama akaacha karanga. "Kujitetea? Alifanya nini?"

Mama Asistanti alimweleza: kwamba ni desturi ya chuo, kwamba mwanafunzi anaandika kazi yake, anasimama mbele ya walimu, wanamuuliza, naye anajibu. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Baadaye niligundua kwamba alichokishika ni kimoja: mtoto wake anatakiwa mbele ya wakubwa, kuna maswali, na hajaenda.

"Sasa kwa nini hukwenda?" akanigeukia.

"Nikuache na nani, mama?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu bora, nililolitunza tangu asubuhi. Mama Asistanti alipuliza maganda ya karanga kutoka kiganjani.

"Tunaenda naye," akasema. "Nyumbani kwangu kuna kitanda. Na mume wangu miguu njo kazi yake."

Nilimtazama mama. Hakuwahi kulala nje ya Wamaza tangu aolewe. Alifikiri kidogo, akauliza kama Kasongo kuna kanisa letu. Akaambiwa lipo. Akauliza kama huyo mume anakasirika upesi. Mama Asistanti akasema hajawahi kumuona amekasirika, na si kwa kukosa sababu. "Basi," mama akasema, "mutoto wangu hataenda peke yake mbele ya watu hao."

Wadogo zangu tuliwaacha kwa shangazi, na lori la mchele lilipopita tukampandisha mama mbele, karibu na dereva, akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Tulikaa katika nyumba ile ya vikombe nusu mpaka mvua za kwanza. Muuguzi alimnyoosha mama mguu kila asubuhi kwa mafuta ya moto, akamtembeza uani, akamshangilia kwa sauti yake ndogo kila alipoweka hatua bila fimbo. Mama alichukua jiko, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikula sombe isiyo na mchanga iliyopikwa na mwanamke. Mimi niliandika kwenye meza ya sebule. Mama Asistanti alisoma sura zangu akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi, akanirudishia. Nikaandika tena, akanirudishia tena. "Hapa unasema watoto hawaelewi. Uliwauliza?" Nikaenda shule ya jirani kuwauliza, nikaandika upya.

Kila jioni, mama aliniona ninafunga karatasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wamekusamehe?"

"Bado, mama," nilijibu nikicheka, maana nilifikiri anatania.

Siku ya kujitetea, oditwari ya pili ilijaa. Mama alikaa mstari wa mbele, kilemba kimesimama. Walimu watatu walikaa mbele yetu, na wa katikati alikuwa profesa mgeni, mtu mzima mwenye suti ya kijivu, mkali wa maswali. Nilieleza kazi yangu kwa Kifaransa. Kisha maswali yakaanza. Profesa aliuliza kwa nini nilichagua shule zile na si nyingine. Akauliza tena, akaegemea mbele, akainua kidole.

Nikasikia fimbo ikigonga saruji. Mama alikuwa amesimama.

"Wakubwa, munisamehe," akasema kwa Kiswahili. "Miye ni mama yake. Huyu mutoto munamuuliza hivi, nilimuzaa na nilimulea, namujua. Hajaiba, hajagombana na mutu. Kama hakuja mapema ni sababu ya mguu yangu. Kosa iko yangu. Mumuachilie."

Kicheko kililipuka nyuma, kisha kikafa chenyewe, kwa sababu profesa hakucheka. Alivua miwani yake. Nilitazama ubaoni, na maandishi yote yalikuwa yamegeuka ukungu.

Mama Asistanti alitoka kwenye kiti chake cha pembeni, akaenda akapiga goti karibu na mama, akamweleza kwa Kibangubangu, polepole, kwamba hapa hakuna mashtaka. Watu hawa wanamuuliza kwa sababu amefanya kazi nzuri, na wanataka wote wasikie anavyoijua. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama profesa, akanitazama mimi, akakaa.

"Mama," profesa akasema kwa Kiswahili chake cha mbali, "asante. Ninaendelea kumuuliza, kwa ruhusa yako."

"Uliza," mama akasema.

Akauliza, nikajibu. Sijawahi kujibu vizuri vile, kabla wala baadaye. Walimu walitoka kushauriana, wakarudi, na profesa akasoma kwamba nimefaulu, tena kwa alama ya juu. Kabla vigelegele havijaanza mama aliinua mkono.

"Sasa naweza kumupeleka nyumbani?"

"Ndiyo, mama. Ni wako," profesa akasema.

Hapo ndipo Mama Asistanti alipoanza kulia. Hakuweza kuona machozi ya mwanafunzi, alituambia twende tukalie nje, na yeye mwenyewe alilia katika kila utetezi, kwa sauti, akijifuta kwa kitenge chenye chaki mpaka uso ukawa mweupe. Walimu walikuwa wamezoea. Profesa mgeni hakuwa amezoea, akaagiza aletewe maji.

Jioni tulikula kuku. Nilimuuliza Mama Asistanti mbali na mama, "Umekaa naye muda huu wote. Hukujua kwamba anafikiri nimeshtakiwa?"

"Nilijua. Nilimweleza mara nyingi, anasema ndiyo, ndiyo." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Halafu nikamusikia anajizoeza maneno yake kule jikoni. Ilikuwa mazuri. Sikutaka kumuharibia."

Mama alirudi Wamaza anatembea. Fimbo aliibeba begani, akisema ni ya mbuzi. Mimi nilipata kazi katika shule ya sekondari Kabambare, na hapo nipo mpaka leo, ninafundisha hesabu, nina mume na watoto wawili, na nyumba yetu ina mti wa machungwa ambao mwaka huu umezaa.

Mama Asistanti amestaafu. Pikipiki aliiuza, kwa amri ya muuguzi na ya kiuno chake. Mwaka jana walikuja wote wawili Kabambare, maana dada wa muuguzi anakaa huku, wakalala kwetu siku mbili. Alikuwa amepungua, na nywele zimekuwa nyeupe chini ya kilemba. Alikula alichopikiwa, akacheza na watoto wangu, akasinzia kwenye kiti mchana, mdomo wazi. Sikuwahi kumuona akipumzika hivyo. Jumatatu asubuhi nilipochukua mfuko wangu alisimama, akasema, "Ninakwenda nawe. Nataka kuona."

Sikumtambulisha kwa wanafunzi. Alinikataza. Aliingia nyuma yangu kama bibi wa mtu aliyekuja kungoja kitu, wasichana wawili wa benchi la mwisho wakasogea, akakaa kati yao. Somo lilikuwa mlinganyo wa kipeo cha pili. Nilieleza vizuri, nilijua ninaeleza vizuri, na labda nilijikaza kidogo kwa sababu yake. Nilijaza ubao wote, nikageuka, nikauliza kama kawaida:

"Mumeelewa?"

"Ndiyo, Madamu!" darasa zima likajibu, kwa ule wimbo ambao kila mwalimu wa nchi hii anaujua.

Nilikuwa nimekwisha kushika kitabu kuwapa mazoezi nilipoona mkono mmoja umeinuka nyuma, mkono mzee, umenyooka kabisa.

"Madamu," Mama Asistanti akasema, "miye sijaelewa."

Vichwa vyote viligeuka. Mtu akaguna, mtu akacheka kwa pua. Nilimtazama nikitafuta mzaha usoni mwake, sikuuona. Alikuwa ananitazama kama mwanafunzi, ananingoja.

"Wapi, mama?"

"Pale juu. Hiyo alama ya kutoa inatoka wapi?"

Nilirudi ubaoni, nikaionyesha, nikaeleza. Nilipogeuka, msichana wa kulia kwake, ambaye tangu mwaka uanze sikuwa nimesikia sauti yake, alikuwa ameinua kidole mpaka usawa wa sikio.

"Hata miye, Madamu. Hapo sikuelewa."

Halafu kijana wa mstari wa katikati. Halafu wawili pamoja karibu na mlango. Mikono ikaendelea kuinuka, mingine taratibu, mingine kwa haraka kama iliyongoja siku nyingi, mpaka nikaona kwamba karibu darasa zima halikuwa limenifuata tangu mstari wa pili.

Nilichukua kitambaa, nikafuta ubao wote, nikaanza upya.